Mjomba Aliyekufa Sehemu ya Ishirini

Waandishi wa riwaya wana ugomvi wao usiokwisha. Kuna wanaochora msuko mzima kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, na kuna wanaokaa tu, wakaanza, wakaona watakakofika. Kila upande huja na shahidi wake maarufu, anasifiwa, watu wanapiga makofi, kisha wote wanaondoka na msimamo walioingia nao. Nimeuweka ugomvi huo hapa kwa sauti za watu watatu niliowatunga kutokana na wengi niliowasikia. Mwalimu anafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita. Mtunzi ni kijana anayeandika simulizi kwa simu na kuzituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp. Mhariri ni mama mtu mzima, mstaafu, aliyesoma miswada ya watu mpaka akabadilisha miwani mara kadhaa. Wamekaa kibarazani kwake, Magomeni. Mimi naandika tu, ila nikishindwa kujizuia nitaingilia.

MWALIMU: Mimi sina maneno mengi, Mama. Riwaya isiyopangwa haifiki. Mchukue Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ndicho kilichotuletea Bwana Msa na kiko chake. Mpelelezi anaingia kwenye jambo ambalo limekwisha kutokea. Mtu ameshauawa, na aliyeua yupo palepale anaitikia salamu. Sasa mwandishi asipomjua muuaji, Bwana Msa atapeleleza nini?

MTUNZI: Shikamoo tena, Mwalimu, maana naona leo umekuja kunifukuza kazi.

MWALIMU: Marahaba. Sijakufukuza, nakuuliza.

MTUNZI: Basi nijibu. Simulizi yangu ya sasa ipo sehemu ya arobaini na mbili. Nilianza na binti mama ntilie wa nje ya stendi ya mabasi. Sikuwa na kingine kichwani. Sehemu ya tatu nikamweka mpiga debe apite, aseme sentensi mbili za kuchekesha, atoke. Asubuhi naamka nakuta kundi zima linamuulizia. Nikamrudisha. Leo hadithi ni ya kwake, na mama ntilie ndiye anayemsubiri yeye. Ningekuwa na mpango, yule jamaa angebaki na sentensi zake mbili. Na si mimi peke yangu. Stephen King, ambaye ameuza vitabu kuliko sisi wote tukijumlishwa na ukoo wetu, ameeleza katika On Writing, mwaka 2000, kwamba msuko haupangi. Anawatia watu kwenye hali ngumu, halafu anawatazama wanavyojinasua.

MHARIRI: Na mjomba je?

MTUNZI: Mjomba yupi, Mama?

MHARIRI: Mjukuu wangu yumo kwenye hilo kundi lako, huwa ananisomea. Sehemu ya ishirini mjomba wa yule binti alizikwa Kisarawe, watu wakala na wali wa arobaini. Sehemu ya thelathini na nane kapiga simu, anadai kodi ya nyumba.

MTUNZI: Duh! Waliniandama usiku kucha kwa hilo. Ikabidi niseme aliyepiga simu ni pacha wake.

MWALIMU: Pacha!

Naingilia. Pacha wa ghafla ni mmoja wa wahusika wenye kazi nyingi kuliko wote katika simulizi zetu, na akichoka anapokewa na ndoto, yaani kumbe yote yale mtu alikuwa anaota, au na ajali ya gari inayomwondoa yule ambaye mwandishi hajui tena amfanye nini. Wasomaji wanalalamika, kisha wanaandika: mwendelezo tafadhali. Hilo nalo tusilidharau.

MHARIRI: Usimcheke, Mwalimu. Dickens yalimkuta haya haya. Mwaka 1836, akiwa kijana wa miaka 24, alipewa kazi ya kuandika maneno ya kusindikiza picha za mchoraji Robert Seymour, za mabwana wa mjini wanaojifanya wawindaji. Kijitabu kilitoka kila mwezi. Seymour akajiua hata toleo la pili halijatoka. Dickens akabaki na The Pickwick Papers mkononi, kitu kisicho kichwa wala miguu. Toleo la nne akamwingiza Sam Weller, mng'arisha viatu wa nyumba ya wageni, na wasomaji wakamshika huyo huyo. Mauzo yaliyoanzia mamia yakapanda mpaka nakala 40,000 kwa toleo. Huyo ndiye mpiga debe wako, mwanangu.

MTUNZI: Umesikia, Mwalimu?

MHARIRI: Sijamaliza. Miaka kumi baadaye, alipoanza Dombey and Son, mtu yule yule alikuwa anatenga karatasi kwa ajili ya kila toleo. Upande wa kulia anaorodhesha sura na yatakayotokea. Upande wa kushoto anajiuliza maswali: huyu aingie sasa? Yule tumwache mpaka mwezi ujao? Halafu anarudi kujijibu mwenyewe, ndiyo, hapana, au bado. Mimi nampendea hiyo "bado". Mtu anayejua kila kitu haandiki "bado", na anayebahatisha kila kitu hata swali hana.

MWALIMU: Kwa hiyo alikomaa, akaacha kubahatisha. Ndicho ninachosema tangu nimekaa hapa.

MHARIRI: Hapana, Mwalimu. Alikuwa na shida ya huyu kijana: toleo likishatoka halirudi. Msomaji ameshalinunua, ameshalisoma, ameshamlilia marehemu. Angekuwa anaandika kitabu kizima chumbani kwake na kukirudia mara nne kabla ya mtu kukiona, karatasi ile asingeihitaji kiasi kile. Mnagombana kupanga au kutopanga. Mimi nikiletewa kazi nauliza kwanza: hapa ni kipi hakirudishiki? Hicho ndicho kipangwe. Kingine chote mwache mtu acheze.

Nakiri upande wangu mapema: naona Mama amelikamata. Ushauri mwingi wa uandishi huzungumzia tabia ya mwandishi, kama vile mtu anazaliwa mpangaji au mbahatishaji kama anavyozaliwa mrefu au mfupi. Anachosema yeye ni mazingira ya kazi, yaani gharama ya kurudi nyuma. Mtu mmoja anaweza kustahili mpango leo na kutoustahili kesho.

MTUNZI: Mama, hapo umenikumbusha yule wa Game of Thrones, George R. R. Martin. Yeye anasema waandishi ni mafungu mawili, wasanifu majengo na watunza bustani, na yeye ni wa bustani. Kitabu cha tano cha mfululizo wake kilitoka 2011. Cha sita tunakisubiri mpaka kesho. Televisheni ikampita, ikamaliza mwaka 2019.

MHARIRI: Nadhani ndiyo hiyo hiyo. Mtunza bustani anang'oa mche uliokaa vibaya. Yeye miche yake ya mwanzo imo ndani ya vitabu vitano vilivyochapwa, iko kwenye makabati ya watu dunia nzima. Atang'oaje?

MWALIMU: Na J. K. Rowling je? Jedwali lake la kitabu cha tano cha Harry Potter limeonekana hadharani, limechorwa kwa mkono. Kuna safu ya namba ya sura, ya mwezi, ya kichwa cha sura, ya tukio kuu, na kila kisa kidogo kina safu yake kinavyotembea sura hadi sura. Kitabu kikauzwa, na mwandishi hakuhitaji pacha.

MHARIRI: Kitabu cha tano, umesema mwenyewe. Vinne vilikuwa vimeshatoka.

MWALIMU: Mama, unaninasa kwa mfano wangu! Haya, nikupe ambao hautaninasa. Hao wa papo kwa papo wanaosifiwa, mnasifu uongo. Dostoyevsky mwaka 1866 alikuwa amebanwa na mkataba wa mchapishaji Stellovsky: asipotoa riwaya kufikia tarehe 1 Novemba, bwana yule angemiliki haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa. Akamtafuta mwandishi wa hati mkato, binti aitwaye Anna Grigoryevna, akamsomea The Gambler ikaandikwa kwa siku 26. Watu wakisikia siku 26 wanadhani iliteremka. Lakini wazo la mcheza kamari yule alikuwa ameshamwandikia rafiki yake Strakhov katika barua ya mwaka 1863, tena hela zake mwenyewe alikuwa ameziacha kwenye meza za kamari huko Wiesbaden. Siku 26 za kusema, miaka mitatu ya kubeba. Alikuwa na mpango, ila haukuwa kwenye karatasi.

MTUNZI: Basi hata mimi ninao. Nimekulia nyuma ya stendi, Mwalimu. Yule mpiga debe sikumtunga sehemu ya tatu. Nimemsikiliza miaka yote ya shule ya msingi.

MWALIMU: Hapo nakupa. Kweli.

MHARIRI: Hapo nami nakubali. Tena kuna mmoja wa karibu yetu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mle ndani akaandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu, zinakubali kalamu. Wakati fulani zikachukuliwa zote, baadaye akarudishiwa. Kitabu kilitoka 1980, nasi tunakisoma kwa jina la Shetani Msalabani. Sasa fikiri: unaandika usiku, hujui kama kesho kurasa zako utazikuta, utarudi vipi nyuma kuangalia kama mjomba alikufa?

MTUNZI: Sirudi.

MHARIRI: Angalia basi umbo la kitabu chenyewe. Wariinga anapanda matatu ya Mwaura kwenda Ilmorog. Njiani abiria mmoja mmoja anatoa yake. Wakifika wanaingia pangoni, kuna mashindano ya wezi, kila mwizi anasimama kujisifia alivyowaibia watu. Mpango wa sehemu kubwa ya kitabu unaandikika kwenye kiganja: safari, halafu mashindano. Lakini ndani ya safari abiria anasema chochote, kwa urefu wowote, na mwizi wa tatu hana haja ya kukumbuka alichosema wa pili. Sisemi alikaa akapiga hesabu hiyo. Nasema umbo lile linamvumilia mtu asiyeweza kurudi nyuma. Mwandishi mwenye kompyuta, umeme na miaka miwili mbele yake hana haja ya umbo hilo, na asipoliiga si dhambi.

MWALIMU: Mama, nikuulize kama mtu wa darasani. Wanafunzi wangu wanapenda kuandika. Wananiletea madaftari. Kurasa thelathini za mwanzo zinawaka moto, ukifika sitini zimekufa. Mtu hajui tena aende wapi. Ukimwambia apange, anafika mwisho. Unataka niwaambie wacheze?

MHARIRI: Na hao wanaofika mwisho kwa mpango, umewasoma?

MWALIMU: Nimewasoma.

MHARIRI: Wanakuchosha?

MWALIMU: ...Wengine.

MHARIRI: Wengi. Nakwambia mimi niliyelipwa kuwasoma. Ugonjwa wa asiyepanga unaujua, unaonekana hata na mjukuu wangu: mfu anapiga simu. Ugonjwa wa aliyepanga umejificha. Nilipata mswada mmoja, binti anaondoka Songea kwenda Dar. Nyumbani ana shamba, ana mchumba anayempenda, mama yake mgonjwa anamtegemea. Hakuna ukurasa hata mmoja unaomsukuma. Lakini saa kumi na mbili asubuhi yumo ndani ya basi. Nikamwita mwandishi, nikamuuliza, baba, huyu mtoto anakimbia nini? Akaniambia, "Mama, lazima afike mjini, kule ndiko atakakopata UKIMWI." Muhtasari ulisema sura ya nne ni Dar. Binti hakuulizwa.

MWALIMU: Hilo ni kosa la mwandishi, si la mpango.

MHARIRI: Ni kosa la mpango uliotengenezwa kwa dhamira, na samahani, Mwalimu, hapo mkono wenu upo. Mtoto anafundishwa miaka kuchambua: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo wa mwandishi, falsafa yake. Anajaza jibu, anapata maksi. Akija kuandika riwaya anaishika ile karatasi ya majibu anaitembeza kinyumenyume. Dhamira kuu, ubaya wa rushwa. Ujumbe, mla rushwa hafiki mbali. Kwa hiyo sura ya pili mheshimiwa anakula, sura ya saba anajenga ghorofa, sura ya kumi anafungwa. Msomaji kashajua hukumu kabla ya kesi. Uchambuzi ni wa mtu anayekiangalia kitabu kikiwa kimekwisha. Anayeandika yuko ndani bado, anapapasa.

Mwalimu alinyamaza hapa, na hata mimi niliona ni haki anyamaze. Riwaya ya Kiswahili iliyolelewa na mtihani ina mazuri yake. Imepata wasomaji wa lazima, na wachapishaji wetu wengi wasingeishi bila orodha ya vitabu vya kiada na ziada. Lakini imetuzoesha wahusika wanaotembea kama mashahidi walioitwa na upande wa mashtaka. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu wazima kukimbilia simulizi za simu zenye mapacha na wafu wanaodai kodi: kule walau mtu anaweza kufanya jambo ambalo mwandishi hakulitarajia.

MTUNZI: Sasa Mama, wewe mwenyewe ungefanyaje? Maana umetupiga wote.

MHARIRI: Mimi nina kaunta buku langu, na silifungui mpaka rasimu ya kwanza iwe imekwisha, hata kama ni mbovu. Mwandishi aandike kwa kujiachia mpaka mwisho. Halafu ndipo tunapiga mistari. Safu ya kwanza, sura. Ya pili, ni siku gani. Ya tatu, nani yupo. Ya nne, nani hapa anajua kitu ambacho jana hakukijua. Safu tatu za mwanzo unaweza kumpa mjukuu akujazie. Ya nne ndiyo kazi.

MWALIMU: Mfano?

MHARIRI: Mama mmoja wa Tanga aliniletea riwaya ya ndoa. Tukajaza. Sura ya pili, mke anakuta kwenye mfuko wa suruali ya mume risiti ya mabati, na wao hawajengi. Anaikunja, anairudisha mfukoni. Sura ya saba anaambiwa mume ana nyumba nyingine Mbagala, ana watoto wawili huko. Anaanguka, anazimia, majirani wanammwagia maji. Nikamwonesha kwenye daftari: dada, huyu si anajua tangu sura ya pili? Mabati alidhani ya nini? Akashika mdomo. Alikuwa ameisahau ile risiti. Iliingia tu yenyewe siku anaandika mambo ya kufua nguo.

MTUNZI: Mkaifuta risiti.

MHARIRI: Ndivyo alivyotaka. Nikamwambia ngoja kwanza, tujaribu upande wa pili. Kama anajua, na anajifanya hajui? Akaenda nayo, akarudi baada ya muda mrefu. Sura ya saba mke bado anaanguka, bado anamwagiwa maji, lakini sasa msomaji anajua kwamba anaigiza mbele ya majirani, na kwamba ana sababu zake. Zile sura za katikati zilizokuwa zinasinzia zikaamka zote, kwa sababu kila akimwekea mume chakula mezani unamwangalia mkono. Muhtasari wa kabla ya kazi usingekuwa na risiti ile. Na bila daftari la baada ya kazi ingebaki kosa tu.

MWALIMU: Sawa. Lakini Mama, daftari lako lina dini yake. Linaamini riwaya ni watu wanaojua na kutojua. Kezilahabi wa riwaya za Nagona na Mzingile, mwanzoni mwa miaka ya 1990, utamjazia nini kwenye safu ya nne? Mle hata siku hazihesabiki.

MHARIRI: Safu ingebaki nyeupe karibu yote, nakubali. Anayetafuta kujua mle ni msomaji.

MWALIMU: Tena kumbuka alianzia wapi. Rosa Mistika ya 1971 ina mwanzo, ina katikati, ina mwisho unaouma, na msomaji yeyote anaushika. Aliujua mstari ulionyooka ndipo akaukunja. Kwa hiyo mimi Jumatatu wanafunzi wangu bado nitawaandikisha kiunzi. Dhamira nitaiondoa, hiyo umenishinda. Nitawaambia waandike tu nani anataka nini na nani anamzuia. Lakini kiunzi kitakuwepo, kwa sababu ruhusa ya kukunja mstari mtu anaipata akishanyoosha mmoja mpaka mwisho.

MTUNZI: Hiyo ruhusa anaitoa nani, Mwalimu?

MWALIMU: Kitabu kilichokwisha. Wewe unacho?

MTUNZI: Ninazo simulizi tatu zilizoishia njiani.

MHARIRI: Basi hii ya nne usiiache ukaanza nyingine. Nikuambie cha kufanya, maana shida yako unaijua sasa: ukishatuma hakirudi. Leo usitume. Andika sehemu sita mbele, uzikalie. Hizo sita ni zako peke yako, unaweza kumfufua mtu na kumzika tena bila mtu kukutukana. Ukishaimaliza ya sita, rudi uitazame ya kwanza, ndipo uitume. Kesho unaandika ya saba. Siku zote uwe na sita mkononi.

MTUNZI: Mama, kundi linasubiri saa mbili usiku. Watu wameshatuma buku buku zao.

MWALIMU: Waambie mwandishi yuko kwenye mipango.

MTUNZI: Nikiwaambia hivyo, Mwalimu, watataka hela zao.